Plasta Iliyogandia Kwenye Ndoo

Kabla sijaweka plasta kwenye mguu wa mtu, niliweka kwenye ukuta. Ukuta wenyewe bado uko, nyuma ya wodi ya wanaume katika hospitali moja ndogo upande wa Makueni, si mbali sana na Matiliku, na mpaka leo haujapasuka. Nendeni mkauangalie. Mkipata ufa, nipigieni simu nirudi kazini bure.

Naandika haya kwa nyinyi mnaobaki, na zaidi kwa Mueni, ambaye nilimkabidhi ufunguo wa chumba cha plasta mwezi uliopita. Mimi nina miaka hamsini na tatu. Nimestaafu kabla ya wakati kwa sababu magoti yangu yalistaafu kwanza. Shule niliachia darasa la sita, na nimeona madaktari wenye digrii mbili wakisimama nyuma yangu kuangalia vile ninavyozungusha bandeji kwenye kisigino. Mambo ya vyeo na mshahara sitayagusa. Vyeo vilikuwa vichache, na mshahara mnaujua, ni ule ule wenu.

Siku ya kwanza nilikuwa juu ya jukwaa la mbao, mwiko mkononi. Daktari Kilonzo, ambaye wakati huo alikuwa kijana mwembamba, daktari wa upasuaji pekee pale, alitoka nje na mikono nyeupe mpaka kwenye viwiko. Mtu wake wa plasta alikuwa ameenda mazishi, na ndani kulikuwa na mtu amevunjika mguu. Alisimama akaniangalia nikilainisha ukuta. Akauliza, "Fundi, hiyo plasta inakufa baada ya dakika ngapi?"

Nikamwambia, "Hii ni simiti, daktari, haina haraka. Lakini ile ya jipsamu ya silingi, ya kupaka dari, inategemea maji. Ya baridi inakupa nafasi. Ya moto inakukimbiza."

Akasema, "Shuka. Nawa mikono."

Hiyo ndiyo ilikuwa interviu yangu. Nilishika mguu wa yule mtu vile nilivyoambiwa, nikalowesha bandeji, nikalainisha. Nilipomaliza, daktari aligonga kwa kidole akasikiliza, kama mtu anayechagua tikiti maji. Hakunisifu. Aliniambia tu nisirudi kwenye ukuta. Ule ukuta niliumalizia jioni zangu, kwa sababu mimi siachi kazi katikati.

Kazi yenyewe alinifundisha yeye, kwa maneno machache na macho makali. Plasta hushikwa kwa kiganja, sio kwa vidole. Kidole kinaacha shimo, shimo likikauka ni kama jiwe ndani ya kiatu, na mtu atalivaa wiki sita. Pamba iwe nyingi pale mfupa unakaribia ngozi. Vidole vya mguu na vya mkono viachwe nje vionekane, kwa sababu hivyo ndivyo dirisha lako la kuona kama damu inafika. Na msumeno wa umeme wa kukatia, ule unaotetemeka bila kuzunguka, kwanza uweke kwenye kiganja chako mwenyewe mbele ya mgonjwa aone haukati ngozi. Wazee wetu hawaogopi nyoka, lakini ule mlio umetoa mzee mmoja kwenye kitanda akaenda kukatiwa plasta kwa shoka nyumbani. Alipona, sijui vipi.

Nilidhani kazi yangu ni mikono. Dereva wa lori ndiye aliyenionyesha kwamba kazi ni kichwa.

Alipata ajali barabara kuu, karibu na Kiboko, akavunjika mfupa wa muundi. Nikampiga plasta nzuri, nzuri kweli, ya kupeleka maonyesho. Baada ya chakula cha mchana akaanza kulia. Akapewa dawa ya maumivu, akalia zaidi. Muuguzi akasema madereva ni watu wa kelele, wamezoea honi. Klinikal ofisa akaja, akagusa mguu juu ya kidole, akasema mapigo ya damu yapo, mguu ni moto, hakuna shida.

Mimi nikakivuta kidole gumba cha mguu wake juu, pole pole tu. Yule mtu nusura anipige ngumi. Nikaenda kumwita Daktari Kilonzo mwenyewe.

Nikamwambia, "Daktari, ukuta ukivimba kwa maji, plasta inapasuka. Hii yangu haiwezi kupasuka, nimeiweka sawasawa. Sasa kama kuna kitu kinavimba humo ndani, ni mtu ndiye atapasuka."

Alinifuata bila kuuliza. Tulikata plasta mpaka kwenye ngozi, na pamba yote, na bado mguu ulikuwa mgumu kama ubao. Jioni hiyo hiyo alimpeleka thieta, akafungua nyama ya mguu ipumue. Yule dereva bado anaendesha. Baadaye daktari aliniketisha akaniambia kitu ambacho sijasahau: "Mapigo hupotea mwisho kabisa, Fundi. Ukingoja yapotee, utakata mguu. Maumivu ambayo hayaelewani na dawa, na maumivu ukivuta kidole, hayo ndiyo huja kwanza." Nami nikamwambia afadhali mimi sikusoma, kwa sababu ningesoma ningeangalia mapigo. Akacheka. Hakukataa.

Alipohamia upande wa Kitui, hospitali ambayo sio mbali na kwetu Migwani, alinihamisha pamoja na meza yake. Huko ndiko nilipomaliza miaka yangu. Na huko ndiko alipozoea kuniuliza lile swali lake, akisimama mlangoni mwa chumba cha plasta na chai mkononi: "Na nini ingine?"

Mtu ameanguka kutoka kwenye paa la duka, amevunja visigino viwili, analia visigino. Mimi nafunga visigino. "Na nini ingine, Fundi?" Nikageuza mtu, nikagusa mgongo mfupa kwa mfupa, nikapata mmoja wa kiuno umevunjika, ambao hakuwa hata anaulalamikia, kwa sababu visigino vilikuwa vinapiga kelele kuushinda. Uzito ulioingia kwa visigino lazima utokee mahali. Sisi wajenzi tunajua hiyo. Ukiona ufa chini, angalia juu.

Sasa nakuja kwenye ile siku, na ningependa kuiruka. Lakini Mueni ameona lile donge la plasta nililokuwa natumia kuzuia mlango, aliuliza mara mbili ni la nini, na mara mbili nilimwambia ni la kuzuia mlango.

Mjue kwanza kwamba kwa miaka mingi mimi ndiye nilikuwa mdomo wa ile hospitali. Madaktari wadogo wanatoka Kisumu, Nyeri, Nairobi, hawajui Kikamba. Wauguzi vijana waliozaliwa mjini wanajua Kikamba cha salamu. Mgonjwa mzee akija, ni "Iteni Fundi." Nilikuwa natafsiri huku nafunga mkono, bila hata kuinua kichwa. Asubuhi ya siku hiyo hiyo nilikuwa nimewaambia wanafunzi sita wa udaktari, wamesimama kwa mstari na makoti yao mapya, kwamba mimi sijawahi kukosea neno la mgonjwa hata moja. Niliwaambia nyinyi mna vitabu, mimi nina masikio.

Saa nne hivi akaletwa Susu Kalekye kwa pikipiki. Susu kwetu ni nyanya. Alikuwa mwanamke mkavu, mrefu, wa miaka sabini na kitu, kanga imefungwa vizuri, hataki kushikwa mkono kushuka. Alikuwa ameenda kuteka maji kwenye kisima cha mchanga mtoni, punda wake akashtuka, akambana kwenye ukingo wa ile birika ya simiti wanayonyweshea mifugo. Kifundo cha mkono kilikuwa kimepinda kama uma. Daktari Achieng, binti wa Kisumu aliyekuwa na miezi minne tu kwetu, alimpokea pale dharura. Alikuwa daktari mzuri, haulizi swali moja akatosheka. Akaniita.

Nilipoingia, wanafunzi wangu nyuma yangu, Susu akaniangalia juu mpaka chini. "Wewe si ndiye umeoa kwa kina Mumbua?"

"Ndiye mimi, Susu."

"Kumbe uko na kazi. Mama mkwe wako anasema unapaka watu rangi nyeupe."

Hapo nikajua nimepatikana. Huyu mama alikuwa rika la mama mkwe wangu, ukingo mmoja wa mto, kanisa moja. Kwetu kuna kitu kinaitwa nthoni, ile heshima yenye haya kati ya mtu na wakwe zake. Mama mkwe hapitwi karibu, halishwi maneno ovyo, na mambo ya mwili hayatajwi kabisa. Rika lake pia ni mama mkwe. Nikasimama hatua mbili nyuma.

Daktari Achieng akasema, "Muulize, mbali na mkono, ni wapi kwingine panauma."

Hilo ni swali la Daktari Kilonzo, tofauti ni kwamba halikuwa na chai. Nikamwuliza. Susu akainamisha macho, akasema kwa sauti ya chini, kwa Kikamba, maneno mawili: "Kwa aka."

Kwa wanawake.

Nikasikia joto shingoni. Mama wa rika la mama mkwe wangu ananiambia kunamuuma kwa wanawake, mbele ya wanafunzi. Sikuuliza wapi, sikuuliza tangu lini, sikuangalia hata anaweka mkono wapi, kwa sababu nilikuwa naangalia dirisha. Nikageuka kwa daktari nikasema, kama mtu anayejua, "Ni yale mambo ya akina mama, daktari. Ya chini. Atafutiwe sista."

"Yalianza leo au ni ya zamani?"

"Ya zamani," nikasema. Hiyo hakuisema Susu. Hiyo niliitunga mimi, kufunga mazungumzo.

Daktari akaandika. Akaangalia vipimo vilivyochukuliwa mlangoni: presha mia moja na kumi kwa sabini, mapigo ya moyo themanini na nane. Ni vipimo ambavyo hata mimi ningevitaka. Akaagiza mkojo upimwe, mkono ufungwe, halafu apelekwe kliniki ya akina mama, ambayo siku hiyo ilikuwa na foleni mpaka kwenye mti wa nje. Wagonjwa wengine wawili walikuwa wanavuja damu wazi wazi, akawakimbilia. Hata mimi ningekimbilia hao.

Tukaenda chumba cha plasta, mimi na Susu na wale wanafunzi wangu sita. Eksirei ilikuwa imerudi, mfupa umevunjika mahali pale pa kawaida, kazi ya dakika kumi. Alikuwa amechomwa sindano ya ganzi. Nikajaza ndoo maji ya vuguvugu, nikatumbukiza bandeji ya kwanza, nikaanza hotuba yangu kuhusu viganja na vidole. Nikamwambia, "Susu, lala chali kidogo."

Akalala. Papo hapo akainuka ameketi, uso umebadilika.

"Siwezi. Bega."

"Bega linauma?"

"Nikilala linauma. Nikikaa linaniacha kidogo."

Nikashika lile bega, maana mtu aliyeanguka kwa mkono anaweza kuvunja bega pia. Nikabonyeza mfupa wa shingo. Hakuna. Nikabonyeza nyuma. Hakuna. Nikainua mkono kutoka kwenye kiwiko, nikauzungusha. Ulizunguka kama mlango uliotiwa mafuta. Bega zima kabisa, na linauma.

Nikawa nimesimama nimelishika. Kuna kitu Daktari Kilonzo aliwahi kuniambia miaka ya Makueni, tukimwangalia mtu aliyepigwa teke: kwamba kuna bega ambalo halijaumia, linalia kwa niaba ya tumbo. Damu ikimwagika tumboni upande wa juu, mgonjwa akilala inaenda kukaa chini ya lile paa linalogawa kifua na tumbo, na maumivu yake yanatokea begani. Ufa uko juu, angalia chini.

Lakini tumbo haliumi, nikajiambia. Yeye amesema ni mambo ya akina mama.

Mmoja wa wanafunzi, aliyekuwa anaandika, akaniuliza, "Ni bega gani, Fundi?" Hakuwa ameona vizuri kutoka nyuma. Susu alielewa Kiswahili hicho kidogo. Akajibu mwenyewe, macho chini, sauti ile ile ya kuvumilia.

"Bega ya kwa aka."

Nyinyi Wakamba mnaosoma hapa mmeshanicheka. Kwa wengine nieleze. Sisi tunasema mkono wa wanaume na mkono wa wanawake. Mkono wa wanaume ni wa kulia. Wa wanawake ni wa kushoto. Hata mzee mmoja mwenye duka la vitambaa Mwingi, ambaye ukoo wake ulitoka Pwani, aliniambia Waswahili wenyewe wa zamani wana mkono wa kuume na mkono wa kike. Kila mzee wa kwetu anasema hivyo, mama yangu alisema hivyo, mimi nimesema hivyo tangu nijue kusema. Susu alikuwa ameulizwa panauma wapi, akajibu: kushoto. Macho aliyainamisha kwa maumivu. Haya ilikuwa yangu peke yangu.

Nikamwuliza, sasa nikimwangalia usoni, mkwe au si mkwe, "Susu, nionyeshe kwa kidole kimoja."

Akaweka kidole chini ya mbavu za kushoto. Palepale birika ilipombana.

Sikumalizia hotuba. Nilimkalisha vizuri, nikamwambia yule mwanafunzi mrefu amshike asianguke na wengine watafute kitanda cha magurudumu, nikatoka. Bandeji niliiacha ndani ya ndoo. Mimi mtu wa plasta, ambaye hata kwa silingi sijawahi kumwaga hata kijiko.

Kutoka chumba cha plasta mpaka dharura ni hatua arobaini na mbili, nilizipima mwenyewe tukiweka vigae. Katika zile hatua nilikuwa na nafasi ya kupanga maneno. Nakiri nilipanga. Ningeweza kusema, "Daktari, mgonjwa amebadilisha maelezo." Wagonjwa hubadilisha kila siku, hakuna ambaye angeuliza, na jina langu lingebaki pale lilipokuwa. Lakini daktari akisikia mgonjwa amebadilisha, ataanza kumwuliza tena kutoka mwanzo, na kupitia kwangu tena, na bado kwenye karatasi imeandikwa ya zamani. Akisikia mimi ndiye nilikosea, atainuka.

Nilimpata anashona kichwa cha mtu. Watu walikuwa wengi, na wawili wa wale wanafunzi walikuwa wamenifuata mpaka mlangoni.

Nikasema, "Daktari, nilikutafsiria vibaya. Yule mama hakusema mambo ya akina mama. Alisema kushoto. Ni hapa, chini ya mbavu. Na bega la kushoto linamuuma akilala, na bega lenyewe ni zima. Na ile ya kusema ni ya zamani, hakusema. Nilisema mimi."

Mkono wake ulisimama na uzi hewani. Aliniangalia sekunde moja, ambayo nimeilipia miaka yote iliyofuata. Kisha akamwambia muuguzi amalizie nyuzi mbili, akavua glavu.

Tukiwa njiani aliniuliza kitu kimoja. "Ana kitabu cha kliniki?"

Alikuwa nacho, ndani ya kanga. Daktari akakifungua akitembea. Kila mwezi, presha mia na sitini, mia na sitini na tano. Na dawa anazokunywa, moja ni ile inayozuia moyo kwenda mbio.

Akasema, zaidi kwa nafsi yake, "Kwa hivyo mia na kumi yake sio mia na kumi yangu. Na moyo hauwezi kupiga mbio hata ukitaka."

Hapo nilivua kofia, na sivui kofia ovyo. Mimi nilikuwa nimepata mahali. Yeye ndiye aliyejua ni haraka kiasi gani. Vile vipimo vizuri vya mlangoni vilikuwa vizuri kwa mtu mwingine.

Alimpima tena presha. Tisini kwa hamsini na tano. Akaleta ile mashine ndogo ya picha ya tumbo, akapaka ute baridi, akaweka kichwa cha mashine pale kidole kilipokuwa. Kwa kioo palikuwa na weusi pembeni mwa bandama, ile nyama laini inayojificha chini ya mbavu za kushoto, weusi ambao haukupaswa kuwa pale. Hata wanafunzi waliuona. Mishipa miwili ikafunguliwa ya maji, damu ikaombwa, mtoto wa Susu, mtu mzima aliyekuwa amemfuata, na mwenye pikipiki wakaenda kutoa yao. Daktari Kilonzo akaitwa. Alikuja bila chai.

Nilimweleza yote mbele ya Daktari Achieng, pamoja na sehemu yangu. Daktari Kilonzo alisikiliza akinawa mikono. Akasema tu, "Na nini ingine, Fundi?"

Nikasema, "Mkono bado haujafungwa."

"Basi ingia tukimaliza uufunge. Akiwa amelala hatakutukana."

Bandama ilikuwa imepasuka, ikabidi itolewe. Nilingoja kwenye benchi la nje ya thieta na kofia magotini. Sitawadanganya kwamba niliomba kwa maneno mazuri. Nilikuwa nahesabu tu: kutoka saa nne alipofika mpaka aliposema bega, ni zaidi ya nusu saa. Nusu saa yangu. Kama foleni ya kliniki ingekuwa fupi, angekuwa ameketi huko nje, ametulia na heshima zake, mpaka aegemee jirani yake asiamke.

Waliponiita ndani, alikuwa anapumua na mashine, presha imerudi. Nikaufunga ule mkono. Nilitumia maji ya baridi ili nipate nafasi. Hiyo ndiyo plasta bora niliyowahi kuweka, na nimeweka nyingi bora.

Niliporudi chumbani kwangu, ile bandeji ilikuwa imegandia chini ya ndoo, donge zima, na alama ya ndoo ubavuni. Nililigonga likatoka. Nikataka kulitupa, nikaona nitakuwa natupa ushahidi.

Siku iliyofuata Daktari Achieng alikuja chumbani. Nilidhani amekuja kunisema, na nilikuwa tayari, nimesimama wima. Akaketi kwenye kiti cha mgonjwa.

"Fundi, nataka tukubaliane kitu. Mgonjwa akisema neno, unipe neno lake kwanza, vile vile, hata kama ni la ajabu. Halafu maoni yako uniambie ni maoni. Naya­taka yote mawili, lakini yasikuje kwa gari moja."

"Na kama ni neno la aibu?"

"Basi mwambie aonyeshe kwa kidole. Kidole hakina Kikamba wala Kijaluo."

Tangu siku hiyo tulifanya hivyo, na akalifanya hilo kuwa utaratibu wa dharura yote. Neno la mgonjwa kwanza. Kidole kimoja, sio kiganja, kwa sababu kiganja kinafunika nusu ya tumbo. Na mgonjwa wa presha, fungua kitabu chake kabla ya kufurahia presha yake. Nimeona hayo yakifanya kazi mara nyingi sana, na Daktari Achieng sasa ni mkubwa huko alikohamia, na nasikia anawafundisha wadogo zake kuhusu fundi mmoja wa Kitui. Sijui anasema nini. Ningependa kufikiri anaanzia kwenye bega.

Susu alikaa wodini siku tisa. Alichomwa zile sindano za kinga ambazo mtu asiye na bandama huhitaji, akaambiwa homa yoyote, hata ndogo, asingoje, aje mbio. Baada ya wiki sita alirudi kukatwa plasta. Alikuwa ameandika kwa kalamu jina la yule punda juu yake, ili amkumbuke, alisema, siku ya kumuuza. Hakumwuza.

Nikaweka msumeno kwenye kiganja changu, akaona haukati, akaniruhusu. Tulikuwa peke yetu. Nilipomaliza kuosha ule mkono, nikaona heri niseme. Nikamwambia, nikiangalia beseni, kwamba siku ile aliposema kwa aka, mimi nilidhani anasema mambo mengine. Ya akina mama.

Aliinua uso akaniangalia. Kisha akaanza kucheka, akashika kovu la tumbo kwa ule mkono mpya, akacheka mpaka kitambaa cha kichwa kikasogea.

"Mwanangu," akasema, "hilo duka nilifunga kabla wewe hujaoa. Hata bango nilitoa."

Siku ya Jumapili mama mkwe wangu alikuwa ameshasikia, na kanisa lote upande wa wanawake.

Mueni, donge ni lako sasa. Mlango ule unafungwa na upepo wa saa nane, kwa hivyo utalihitaji kila siku. Likikuudhi, usilitupe. Ukitafsiri, simama karibu na mgonjwa, sio hatua mbili nyuma, na uangalie mkono wake unaenda wapi. Maji ya vuguvugu kwa watu wazima. Ya baridi ukiwa na hofu. Na ikitokea siku moja umekosea, ni hatua arobaini na mbili tu mpaka dharura. Bandeji iache kwenye ndoo.